Je, Wajua? Simu Tatu Zinatosha Kurusha Harusi Mubashara

Je, wajua kwamba BBC ilipotangaza msafara wa kutawazwa kwa Mfalme George VI, tarehe 12 Mei 1937, ilikuwa na kamera tatu tu? Zilifungwa Hyde Park Corner, London, na picha zikasafirishwa kwa waya maalumu hadi Alexandra Palace. Kwa hiyo mkiwa na simu tatu ukumbini msijione wanyonge. Kwa idadi ya kamera mko sawa na BBC ya siku ile, na picha zenu zina rangi.

Je, wajua kwamba Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994 kupata televisheni ya aina yoyote? Miaka hiyo kurusha tukio kwa kamera kadhaa ilikuwa kazi ya kituo chenye gari la matangazo ya nje na mafundi mitambo wake. Leo kijana mwenye laptopu anaifanya kazi hiyo kwenye meza ya pembeni, karibu na dijei.

Je, wajua kwamba programu inayotumika zaidi kwa kazi hii hailipiwi hata senti? Inaitwa OBS Studio. Ilianza mwaka 2012, ni ya chanzo huria, na inakaa kwenye kompyuta ya kawaida. Kila simu inaingia humo kama kamera mojawapo, kupitia programu ndogo kama DroidCam, na wewe unabofya tu picha unayotaka iende hewani. Wenye iPad wana njia nyingine: tangu Juni 2024 programu ya Final Cut Pro ya iPad inaweza kupokea picha za iPhone au iPad hadi nne kwa pamoja. Ila hiyo ni ya kurekodi na kuhariri. Ukitaka kurusha mubashara, rudi kwenye OBS au programu nyingine ya kuswichi.

Je, wajua kwamba picha zinazotoka kwenye simu kwenda kwenye laptopu hazihitaji bando? Hapa ndipo wengi wanapochomea pesa bila sababu. Chukua ruta yako mwenyewe, hata isiyo na intaneti, iwashe ukumbini, unganisha simu zote tatu kwenye Wi-Fi yake, na laptopu uiunganishe kwa waya. Simu zikituma megabiti 10 kwa sekunde kila moja, hizo 30 zinazunguka humo humo ndani na hakuna kampuni ya simu inayokudai. Kinachotoka nje, kupitia intaneti ya laptopu, ni picha moja tu, ile uliyoichagua.

Na hiyo moja inakula kiasi gani? Ukirusha kwa megabiti 4 kwa sekunde, ambazo zinatosha picha ya 720p, ni nusu megabaiti kila sekunde, sawa na gigabaiti 1.8 kwa saa. Sherehe ya saa nne itameza gigabaiti 7.2. Nunua bando kwa hesabu hiyo, kisha ongeza akiba, kwa sababu hakuna mshereheshaji aliyewahi kumaliza kwa wakati.

Je, wajua kwamba kasi inayotangazwa kwenye mabango ya intaneti kwa kawaida ni ya kupakua? Wewe unahitaji ya kupakia. Ukipima mtandao ukumbini angalia namba ya pili, ile ambayo watu huipuuza. Kama unataka kurusha kwa 4, namba hiyo isipungue 8.

Je, wajua kwamba watu huzuia Wi-Fi? Mwili wa binadamu sehemu kubwa ni maji, na maji hunyonya mawimbi ya redio. Ukumbi mtupu saa nane mchana unaweza kukupa mtandao safi, na ukumbi uleule wenye wageni mia nne usiku ukakuaibisha. Halafu wageni hao wana simu mifukoni, na nyingi zinahangaika kwenye mkondo wa 2.4 GHz, ambao una chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Weka simu zako kwenye mkondo wa 5 GHz, na ruta iinue juu ya vichwa vya watu. Kuifungia kwenye stendi ya spika kunatosha.

Je, wajua kwamba itifaki inayobeba picha zako kwenda YouTube ilitengenezwa kwa ajili ya Flash? Ni RTMP, kazi ya kampuni ya Macromedia. Flash yenyewe ilisitishwa rasmi tarehe 31 Desemba 2020. RTMP imebaki, na mitandao mikubwa bado inaipokea.

Je, wajua kwa nini taa za ukumbini hucheza kwenye picha ya simu wakati macho yako hayaoni kitu? Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi hupanda na kushuka mwanga mara mbili katika kila mzunguko, yaani mara 100 kwa sekunde. Simu nyingi zimepangwa kiwandani kwa fremu 30, desturi ya nchi zenye umeme wa mizunguko 60 kama Marekani. Hesabu hizo mbili hazipatani, ndipo mistari myeusi inapotembea juu ya gauni la bibi harusi. Dawa yake ni fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50. Kwenye iPhone fremu 25 zimefichwa: ingia Settings, kisha Camera, kisha Record Video, uwashe PAL. Kwa shata tumia programu ya kamera inayokuruhusu kushika usukani mwenyewe. Blackmagic Camera ni ya bure. Ilitoka kwa iPhone mwaka 2023 na kwa simu za Android mwaka 2024.

Je, wajua kwamba simu tatu za aina moja, zikielekezwa kwa mtu mmoja, zinaweza kumpa rangi tatu tofauti za ngozi? Kila moja inajikadiria nyeupe yake. Iliyo karibu na dirisha inaona mwanga wa mchana, kama kelvini 5600. Iliyo chini ya balbu za njano inaona kama 3200. Kila unapobadili picha, bwana harusi anabadilika rangi. Zima ukadiriaji huo, chagua namba moja kwa simu zote, uifunge. Zima pia HDR kwenye zote. Simu moja ikiwa na HDR na nyingine haina, hakuna namba ya kelvini itakayozipatanisha.

Je, wajua kwamba sauti huchelewa kwa fremu moja kila inaposafiri mita 14 hivi? Mwendo wa sauti hewani ni takriban mita 345 kwa sekunde, na fremu moja kati ya 25 ni milisekunde 40. Simu iliyo nyuma ya ukumbi, mita 28 kutoka jukwaani, inasikia maneno ya shehe au mchungaji yakiwa yamechelewa fremu mbili, yakichanganyika na mwangwi wa kuta na vikohozi vya wageni. Ndiyo maana maiki za simu hazifai kwa matangazo. Ziache zirekodi tu kwa akiba, lakini sauti ya kwenda hewani ichukue moja kwa moja kutoka kwenye miksa ya dijei, kwa waya hadi kwenye laptopu.

Ukishafanya hivyo unazaliwa ugonjwa wa upande wa pili: sauti inawahi, picha inachelewa. Picha ya simu ikipita kwenye Wi-Fi huchukua muda kubanwa, kusafiri na kufunguliwa, wakati sauti ya miksa inafika papo hapo. Mtazamaji aliyeko Muskat anasikia “nimekubali” kabla midomo haijafunguka. Tiba yake ni ya kizamani lakini haijapitwa na wakati. Mtu asimame mbele ya kamera, maiki ikiwa karibu na mikono yake, apige kofi moja. Rekodi, kisha tazama fremu moja moja: sauti ilisikika wapi, viganja vilikutana wapi? Zikiwa fremu sita, ni milisekunde 240. Kwenye OBS kuna sehemu ya kuichelewesha sauti kwa milisekunde. Andika 240, rudia kofi, hakikisha. Fanya kwa kila simu, kwa kuwa hazichelewi sawa. Zikitofautiana kidogo, chagua namba ya simu inayoonyesha nyuso kwa karibu. Kwenye picha pana hakuna atakayeona midomo.

Je, wajua kwamba kamera za televisheni hufungwa kwenye mpigo mmoja wa saa, ili zote zianze fremu kwa wakati uleule? Simu zilikosa kitu hicho kwa miaka yote, hadi Apple ilipokiweka kwenye iPhone 17 Pro, Septemba 2025. Kwa harusi hukihitaji. Nakutajia tu ili muuzaji asikutishe nacho.

Je, wajua kwamba bwana na bibi harusi wanaweza kubadilishana upande bila hata kusogea? Chora mstari wa kufikirika kati yao, kutoka pua hadi pua. Kamera zote zikae upande mmoja wa mstari huo. Moja ikivuka, aliyekuwa anatazama kulia ataonekana anatazama kushoto, na mama mkwe aliyeko Minneapolis atadhani wameketishwa upya. Simu ya kwanza ichukue picha pana na isiguswe kabisa. Ndiyo kimbilio lako mambo yakiharibika. Ya pili ikae karibu na nyuso. Ya tatu apewe mtu mwenye mkono mtulivu azunguke nayo, keki, vigelegele, watoto, lakini asivuke mstari.

Huyo wa tatu anahitaji kujua lini yuko hewani. Kwenye studio kila kamera ina taa nyekundu inayowaka ikichaguliwa. Mfumo wa NDI, uliotolewa na NewTek ya Texas mwaka 2015, hubeba ishara hiyo hiyo kwenye mtandao uleule unaobeba picha. Usipokuwa nao, redio mbili za mkononi zenye visikilizi vya sikioni zinatosha, na maneno yenyewe ni machache: “jiandae”, “uko hewani”, “tulia”.

Je, wajua kwamba simu moja ikipigiwa inaweza kuikatisha picha hewani? Weka zote kwenye hali ya ndege, kisha washa Wi-Fi peke yake.

Je, wajua kwamba Apple inataka iPhone itumike penye joto lisilozidi nyuzi 35 za Selsiasi? Nikahi ya mchana chini ya turubai, Januari, Mombasa au Dar es Salaam, inaweza kufika hapo kirahisi. Simu ikizidiwa, skrini hufifia, chaji husimama, na mwisho inajizima. Vua kava, weka kivuli juu yake, punguza mwanga wa skrini, na pawabenki isikae mgongoni kwa simu.

Je, wajua kwamba tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na kwa majirani? Siku kama hiyo hata bando la wiki nzima halikusaidii. Ndiyo maana OBS inarusha na kurekodi kwa pamoja: bofya vitufe vyote viwili. Na kila simu yenye nafasi irekodi nakala yake.

Je, wajua kwamba wimbo wa dijei unaweza kukuzimia matangazo? YouTube inao mfumo wa kutambua kazi za wenye haki tangu 2007, na matangazo mubashara nayo hukaguliwa. Wakati wa kuingia maharusi, pale dijei anapoweka wimbo maarufu, ndipo hatari ilipo. Kwaya, ngoma au taarabu inayopigwa palepale ina hatari ndogo zaidi, na kwa maoni yangu hutazamika vizuri zaidi.

Je, wajua kwamba tangu 2018 Tanzania ina kanuni za maudhui ya mtandaoni? Ukitoka kwenye harusi za ndugu ukaanza kurusha habari kama televisheni ya mtandaoni, ulizia leseni kwanza kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Na hili la mwisho limewakwamisha wengi: je, wajua kwamba chaneli mpya ya YouTube hairushi mubashara siku hiyo hiyo? Ni lazima uithibitishe kwa namba ya simu, na ruhusa inaweza kuchukua hadi saa 24. Ukitaka kurusha kwa programu ya YouTube ya kwenye simu, chaneli iwe na wafuatiliaji wasiopungua 50. Ukipitia OBS kwenye laptopu, sharti hilo la 50 halikuhusu. Harusi ikiwa Jumamosi, fungua chaneli Jumatano, na Ijumaa urushe jaribio la dakika kumi ukiwa ukumbini.