Mizajuri inaisha, kompyuta inagoma: musikimbilie kuformata

Ku biro yetu ya sendika, wenzetu wanatuletea shida za mushahara, za hospitali, za mutu aliyefukuzwa kazi bila kupewa preavisi. Siku hizi wanatuletea na kompyuta. Mama anaingia na laptopi ndani ya mufuko wa soko, anaiweka ku meza, anasema: « Jana ilikuwa inatumika muzuri. Usiku iliandika kama inafanya mizajuri, tusiizime. Asubui naona paka ekrani nyeusi. » Kijana mwingine yake inawaka, lakini inakataa neno la siri analoliandika tangu miaka miwili. Muzee wa atelier anaona mafaili yake yote yamepotea, hata picha ya bibi yake iliyokuwa ku ekrani.

Kila mmoja wao amekwisha kupita kwa fundi wa kona mbele ya kufika kwetu, na kila mmoja aliambiwa neno moja: « Papa, tuformate tu, itabakia mupya. »

Juu ya ile neno njo tunaandika leo. Kuformata ni kufuta kila kitu mu diski na kuanza upya. Na mu mashini ya mutu wa mine hakuna miziki na filme tu. Kuko bulletin za mushahara zilizopigwa picha, barua za kazi, karatasi za daktari wa kazi, hesabu ya miezi ya CNSS, na mara nyingi kazi ya mwisho ya masomo ya mutoto anayengojea kuitetea ku université. Wazee walioondoka katika Départs Volontaires ya 2003 ku Gécamines wanajua karatasi moja inaweza kuwa na uzito gani kisha miaka kumi. Ile karatasi leo inakaa mu kompyuta.

Kamaradi mmoja wetu alikuwa anabishana na bwana-kazi wake juu ya décompte final. Kwa miaka mitatu alikuwa anapiga picha ya pointage yake kila mwezi, masaa ya kuongeza yote yakionekana, na kuyaweka mu laptopi. Asubui moja, kisha mizajuri, aliona ekrani tupu. Fundi alimuformatia kwa nusu saa. Kwenye mapatano, upande wa pili ulileta hesabu yake imechapwa muzuri, na yeye alileta kinywa chake. Alilipwa kadiri ya hesabu yao.

Tulipomuuliza ile ekrani ilikuwa namna gani, alitueleza: mashini ilimukaribisha kama mutu mupya, picha ya bluu ya kiwandani, kapo ya documents iko wazi. Sisi hatuwezi kuapa juu ya mashini ambayo imekwisha kufutwa. Lakini ile alama inajulikana muzuri. Inaitwa profil ya muda: Windows inashindwa kufungua chumba chako, basi inakupa chumba cha wageni. Vitu vyako viko, mulango ndiyo umefungwa. Mwezi wa pili 2020 mizajuri moja ya Windows 10 ilifanyia watu wengi hivyo, na mafaili yao yalikutwa mu kapo yenye jina lao, imeongezwa tu .000 ao .bak ku mwisho.

Kwa hiyo, ukiona ekrani tupu, usilie na usilipe. Bonyeza « Redémarrer », mara mbili, mara tatu ikihitajika. Tunasema « Redémarrer », hatusemi « Arrêter ». Tangu Windows 8, ku mashini nyingi « Arrêter » haizimi kabisa: inaweka sehemu moja ya kumbukumbu ku diski ili asubui iwake mbio, na kosa la jana linaamka pamoja nayo. « Redémarrer » inaanza kweli upya. Watu wengi hawaamini, mupaka waone.

Kama haikurudi, fungula diski C, ingia mu « Utilisateurs », angalia kapo yenye jina lako ao jina linalofanana nalo. Angalia tena kama kuko kapo inayoitwa Windows.old. Kisha mizajuri kubwa, ile inayobadilisha version nzima, vitu vya zamani vinabakia mle siku 10, kisha mashini inavifuta yenyewe. Siku 10, kamaradi, haiko mwezi. Ndiyo maana tunaomba watu wasiache laptopi ku kabati wakingojea mushahara uingie.

Mu galeri, kisha baruti kulipuka, hakuna mutu mwenye akili anayeingia mbio na pelo. Tunangojea moshi itoke, tunagonga paa na baramine, tunasikiliza. Ku kompyuta ni vile vile.

Ekrani nyeusi, na neno la siri linalokataliwa

Ekrani nyeusi inatisha zaidi. Kwanza kuuliza: kweli imekufa, ao inafanya kazi bado? Mizajuri kubwa ku mashini ya zamani yenye diski ya kuzunguka inaweza kukamata masaa. Kama taa ndogo ya diski inacheza, acha. Weka chaja. Wenye kompyuta ya meza bila betri, musianze mizajuri siku ambayo umeme unakata-kata. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, hapo njo shida ya kweli inaanza.

Kama masaa yamepita na hakuna kinachotikisika, finya bouton ya kuwasha mupaka izime, uwashe tena. Ikikatika hivyo wakati wa kuwaka mara tatu kwa kufuatana, Windows yenyewe inafungula ukurasa wa bluu wa kutengeneza. Hapo ingia « Dépannage », kisha « Options avancées », kisha « Désinstaller des mises à jour ». Tosha ile ya mwisho. Mafaili yako hayaguswi. Kama mashini inawaka lakini inasumbua, kazi hiyo hiyo inapatikana mu « Paramètres », upande wa mizajuri, mu historia yao. Na kama ni version nzima iliyobadilika, mu « Récupération » kuko njia ya kurudi ku ile ya zamani, mu zile siku 10.

Kuna ekrani ingine ya bluu, inayoomba clé ya BitLocker, namba 48. Mwezi wa saba 2024 mizajuri moja iliamusha ile ekrani ku mashini nyingi ambazo wenyewe hawakujua hata kama diski yao imefungwa na kufuli. Ile namba inapatikana mu compte ya Microsoft ya mwenye mashini, unaweza kuisoma ku simu. Kama mashini ilitoka ku kazi, ni service ya informatique ya kazi iliyo nayo. Bila ile namba, fundi hata akuwe hodari namna gani hatafungula. Atakayokuambia ni kuformata, na kwa mara hii hatakuwa na bongo. Basi leo hii, mashini ikiwa nzima, tafuta ile namba, uiandike ku karatasi, uiweke pamoja na livret ya ndoa.

Neno la siri linalokataliwa ni shida ndogo inayokula makuta bure. Mizajuri imebadilisha kliyavie. Sisi tunaandika na AZERTY. Ikipita ku QWERTY, A inatoka Q, Z inatoka W, M inahama, na namba hazitake tena Maj. Neno la siri « Mazembe » haliwezi kupita hata siku moja. Ku pembe ya chini, mukono wa kuume, angalia herufi tatu: FRA ao ENG. Finya touche ya Windows pamoja na espace mupaka FRA irudi. Ndiyo hiyo. Tumeona mutu aliombwa dola 10 juu ya ile.

Saa, imprimante, na mega zinazokwisha

Saa inaonekana kitu kidogo. Lakini ukikuta saa imerudi nyuma kwa saa moja, ujue mashini imejiweka ku saa ya Kinshasa. Katanga inatembea ku UTC+2. Mu liste ya Windows inaandikwa « Harare, Pretoria », na ile « Afrique centrale – Ouest » ni ya upande wa Kinshasa. Mwenye kufanya tableau ya pointage ku kompyuta asizarau ile. Na kama ni mwaka wenyewe unaopotea kila mara unapozima, mizajuri haina kosa: ni pile ndogo ya ndani, CR2032, imekufa. Mashini yenye tarehe ya uongo inakataliwa na site nyingi za intaneti, watu wanafikiri ni réseau.

Imprimante: mara nyingi Windows imechagua ingine kuwa ya kwanza, ao imeiandika « hors connexion ». Itoshe mu liste, uiweke tena. Ku biro za kazi mutaombwa neno la siri la mukubwa wa mashini, maana tangu mwezi wa nane 2021 Microsoft inataka ile ruhusa mbele ya kuweka pilote ya imprimante. Wi-Fi ikipotea, unganisha simu na kamba ya USB, ugawe intaneti kutoka ku simu, kisha urudishe pilote ya zamani mu « Gestionnaire de périphériques ».

Na mega! Wengi wetu tunanunua mega za siku, tunagawa kutoka ku simu, na mashini inazimeza zote kwa mizajuri hata mbele ya kufungula barua moja. Mu « Paramètres », ku jina la ile Wi-Fi ya simu, washa « Définir comme connexion limitée ». Mizajuri nyingi zitangojea. Siku ya kwenda ku cyber ao ku biro yenye intaneti ya kweli, unazishusha zote. Chagua siku wewe mwenyewe. Za usalama Microsoft inazitoa Jumanne ya pili ya kila mwezi. Ngojea siku chache, kama kuko yenye ubaya wengine watakuwa wameisha kupiga kelele.

Kuko wanaosema: basi tuzifunge zote, tusifanye mizajuri tena. Hapana. Tarehe 12 mwezi wa tano 2017, virusi WannaCry ilifunga mafaili ya watu mu inchi nyingi na kuomba makuta. Hospitali za Uingereza zilishindwa kupokea wagonjwa. Dawa ya ile tundu ilikuwa imetoka tangu mwezi wa tatu, miezi miwili mbele. Mashini nyingi zilizoanguka ni zile ambazo hazikuiweka. Sisi wenye kupitisha flashi moja ku mashini ishirini, tuko karibu na virusi kuliko mutu mwingine.

Lakini tuseme na ya upande mwingine. Mizajuri ya Windows 10 iliyotoka tarehe 2 Oktoba 2018 ilifuta kweli documents za watu wamoja, na Microsoft iliisimamisha kisha siku chache. Ilirudi paka 13 Novemba, imetengenezwa. Kwa hiyo hata mashini nzuri, copie lazima iwe inje yake. Flashi inatosha kwa bulletin. Diski ya inje ni bora. Kutuma picha ku WhatsApp ya ndugu ni afazali kuliko kukosa.

Ukishindwa kabisa na fundi anahitajika, mupe masharti mbele ya kumuachia mashini: mafaili kwanza. Diski inatoshwa, inaunganishwa ku kompyuta ingine, mafaili yanatolewa, wewe unayafungula mbele yake. Kisha hapo aformate akitaka. Fundi anayekataa ile kazi, chukua mashini yako. Tunajua inakawia na inaweza kuongeza bei. Ule kamaradi wa décompte angelipa mara kumi.

Kitu kingine, juu ya wenye kununua okazyo. Windows 10 ilifungiwa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mwenye kujiandikisha anapata mizajuri za usalama paka 13 Oktoba 2026. Windows 11 inaomba TPM 2.0, mémoire ya Go 4, diski ya Go 64, na processeur isiyo ya zamani sana; laptopi nyingi zinazofika sokoni hazifikishe. Mbele ya kutoa makuta, uliza ile mashini inapokea Windows 11 ya haki, haiko ya kulazimisha. Kwa ile isiyoipokea kuko Linux, ya bure, na LibreOffice inafungula documents za Word.

Ku biro, liste ya wanachama na cotisations inakaa sasa ku diski mbili za inje. Moja iko kwa trésorier, moja iko ndani ya kabati ya chuma, na copie inafanywa kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, delege wawili wakiwa hapo. Wenzetu wanaotaka tuwasaidie kutosha bulletin zao mu mashini iliyogoma, mupite ile Jumamosi asubui na flashi iliyo wazi. Na chaja, tafazali. Mara nyingi munaisahau.