Nauli Ndogo, Mlima Mrefu: Rekodi 5 za Gazeti Kwenye Posta

Mpaka lifike barazani Lushoto, gazeti limelipiwa nauli. Ziko serikali zilizoamua kuipunguza nauli hiyo, na rekodi za safari za gazeti ni hizi.

1. Sheria kongwe katika orodha yetu
Tarehe 20 Februari 1792, Rais George Washington wa Marekani alitia saini Sheria ya Posta. Gazeti lilitozwa senti 1 kwa safari isiyozidi kilomita 160, yaani kama Lushoto mpaka Tanga mjini. Likipita hapo, senti moja na nusu tu.

2. Pengo pana kuliko yote
Chini ya sheria hiyo hiyo, barua ya karatasi moja ikizidi kilomita 724, takriban Lushoto hadi Dar es Salaam kwenda na kurudi, ililipiwa senti 25. Kwa nauli hiyo ya barua moja, magazeti 16 yalisafiri!

3. Mzigo mzito kuliko yote
Mwaka 1832, magazeti yalikuwa asilimia 95 ya uzito wa posta ya Marekani, lakini yalileta asilimia 15 tu ya mapato. Pakia viroba 20 vya posta kwenye basi la Lushoto: 19 ni magazeti. Wenye barua ndio waliolipa sehemu kubwa ya gharama.

4. Safari ndefu kwa bei ndogo
Mwaka 1885 wachapishaji wa Marekani walitozwa senti 1 kwa ratili, karibu nusu kilo, nchi nzima. New York hadi San Francisco ni zaidi ya kilomita 4,000: Lushoto–Dar mara 11!

5. Mpando mkali kuliko yote
Huu ni wetu, na gazeti huupanda kufika Lushoto. Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za kona, kupitia Soni, na mpando wa takriban mita 1,000: viwanja 9 vya mpira vilivyosimamishwa wima.

Tazama ukurasa wa mbele wa magazeti yetu. Kwa herufi ndogo utasoma: "Imeandikishwa Posta kama Gazeti." Uandikishaji huo ndio uliolipatia gazeti haki ya nauli yake maalumu. Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa 1874, nao umeruhusu nchi kupunguza hadi nusu ya ada ya magazeti yanayokwenda nje. Nauli ya gazeti kwenye basi la kwenda Lushoto ipunguzwe pia. Kabichi zetu hushuka Kariakoo. Magazeti nayo yapande.