Chai katika njia ya Bagamoyo–Ujiji

Chai katika njia ya Bagamoyo–Ujiji ni historia ya jinsi jani la chai, ambalo asili yake ni China, lilivyofika mwambao wa Ziwa Tanganyika kupitia miji ya njia ya kati ya misafara, na jinsi linavyotumiwa leo katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji, magharibi mwa Tanzania.

Wageni wanaotaka kujifunza utamaduni wa chai kwa kawaida huongozwa mji hadi mji nchini China: Hangzhou kwa chai ya kijani ya Longjing, Chaozhou kwa vikombe vidogo vya chai ya wulong, Chengdu kwa mabaraza ya chai ambako watu hukaa kutwa. Afrika Mashariki nayo ina safari yake ya miji, ambayo chai iliifanya ikiwa imebebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi: Bagamoyo, Mpwapwa, Tabora, Ujiji. Njia hiyo ina urefu wa takriban kilomita 1,200, na haipiti kwenye mashamba ya chai. Anayeifuata hafuati mmea, anafuata kinywaji.

Jina

Neno "chai" limetokana na Kichina "chá". Lilipita Uajemi, likawa "chāy", kisha likaenea Uhindi na katika nchi za Bahari ya Hindi hadi Pwani ya Waswahili. Wachina wa Fujian hutamka "te", na Waholanzi walionunua chai kwa njia ya bahari katika karne ya 17 ndio walioisambaza Ulaya kwa jina hilo. Kutokana nalo Wafaransa wana "thé" na Wajerumani "Tee". Kwa hiyo lugha nyingi duniani zinaonyesha kwa neno moja tu kama chai iliwafikia watu wake kwa upande wa "cha" au kwa upande wa "te".

Ziwa Tanganyika ni mahali ambapo matawi hayo mawili yamekutana. Mashariki husemwa chai, na Kirundi kina "icayi". Wabelgiji walipotawala Kongo na Burundi walileta Kifaransa chao, na ndiyo sababu shirika la chai la Burundi lilipewa jina la Office du Thé du Burundi ingawa wakulima wake nyumbani husema icayi.

Katika Kiswahili cha Tanzania neno limezaa maana nyingine. "Kunywa chai" ni kula kifungua kinywa, hata kama mezani pana uji. "Kutoa chai" ni kutoa rushwa. Vijana huita "chai" hadithi ya kubuni isiyoaminika. Mchaichai, nyasi yenye harufu ya limau, umepewa jina kwa sababu hutiwa katika chai au hunywewa badala yake. Hauna undugu na mchai wenyewe.

Vyombo vilitangulia jani

Bidhaa ya China iliyofika mapema Pwani ni vyombo vya kauri. Vigae vyake vimepatikana Kilwa na pia Kaole, karibu na Bagamoyo, na ni vya karne nyingi kabla ya misafara ya kwenda Ujiji. Merikebu za China zilizoongozwa na Zheng He zilifika Afrika Mashariki katika karne ya 15. Haifai hata hivyo kudhani kwamba palipo na bakuli la Kichina palikuwa pia na chai ya Kichina: bakuli hizo zilitumiwa kwa chakula na kwa pambo, na nyingine zilipachikwa katika kuta za misikiti na makaburi.

Kinywaji cha heshima cha Waarabu wa Omani waliotawala Zanzibar kilikuwa kahawa. Chai iliongezeka katika karne ya 19 pamoja na biashara kati ya Zanzibar na Bombay. Wakati huo Waingereza walikuwa wameanza kulima chai Assam, kaskazini-mashariki mwa Uhindi, ili wasiitegemee China pekee. Chai ya kwanza ya Assam iliuzwa London mwaka 1839. Hivyo chai iliyopakuliwa Zanzibar baadaye katika karne hiyo iliweza kuwa ya China au ya Uhindi, na mnywaji hakuwa na haja ya kuuliza.

Njiani

Mpagazi, mara nyingi Mnyamwezi, alibeba mzigo wa takriban kilo 30. Mizigo ya kwenda bara ilikuwa hasa vitambaa, shanga na nyaya za shaba, kwa kuwa hivyo ndivyo vilivyotumika kama fedha. Chai, sukari, sabuni na dawa vilikuwa vitu vidogo vilivyochukuliwa kwa ajili ya mwenye msafara na wenzake. Mizigo ya kurudi ilikuwa pembe za ndovu, na pamoja nazo walirudishwa watu waliotekwa au kununuliwa kama watumwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini bara biashara hiyo haikukoma mara moja. Historia ya chai ya Ujiji haiwezi kutenganishwa na jambo hili: kikombe kilichomfikia mfanyabiashara kando ya ziwa kililetwa na njia ileile iliyowaondoa wengine makwao.

Tabora, ambayo sehemu yake ya zamani iliitwa Kazeh, ilikuwa kituo kikubwa cha katikati. Waarabu walioishi huko walipata bidhaa za Pwani mara kwa mara, na huko ndiko mizigo iliyokwenda Ujiji ilikokwama vita au uhasama ulipofunga njia.

Ujiji, 1869

Richard Burton na John Speke walifika Ujiji Februari 1858, wakiwa Wazungu wa kwanza kuliona ziwa. Lakini kwa habari za chai, tarehe muhimu zaidi ni 14 Machi 1869. Siku hiyo David Livingstone alifika Ujiji kwa mtumbwi kutoka upande wa magharibi, akiwa mgonjwa sana wa mapafu. Alitarajia kukuta mizigo yake kutoka Pwani. Vitambaa vingi vilikuwa vimeibiwa njiani, na dawa zilikuwa zimebaki Unyanyembe, eneo la Tabora. Maziwa hayakupatikana kwa sababu ng'ombe hawakuwa wamezaa.

Alichokikuta ni kahawa yake, sukari kidogo, na chai ya Assam aliyoletewa kama zawadi kutoka Calcutta na ofisa wa kampuni ya meli. Aliandika katika kumbukumbu zake kwamba chai na kahawa vilimsaidia sana, ingawa nguo za sufu mwilini zilimsaidia zaidi.

Kutokana na maelezo hayo mafupi yanajulikana mambo mawili. Kwanza, chai hii ya Ujiji ambayo tarehe yake inajulikana haikutoka China bali Uhindi. Pili, ilikuwa chai ya rangi, tena si kwa kupenda. Inashangaza kwamba habari hii haitajwi sana, ilhali maneno machache ya Henry Morton Stanley alipokutana na Livingstone Ujiji mwaka 1871 yanarudiwa kila mahali.

Reli na mashamba

Reli ya Kati ya Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Haikuishia Ujiji, kwa kuwa Kigoma ina ghuba yenye kina inayofaa meli. Isitoshe, maji ya ziwa yalikuwa yameshuka baada ya mto Lukuga, upande wa Kongo, kufunguka mnamo 1878, na ufuko wa Ujiji ukawa umesogea mbali. Kilichochukua miezi kwa miguu sasa kilichukua siku, na chai ikaacha kuwa kitu cha matajiri.

Wakati huohuo chai ilianza kulimwa nchini. Wajerumani waliipanda Amani katika Usambara mwaka 1902 na Kyimbila, Rungwe, mwaka 1904. Kilimo cha biashara kilianza mwaka 1926. Leo maeneo makuu ni Mufindi, Njombe, Rungwe na Usambara. Kigoma haimo. Uso wa ziwa uko takriban mita 775 juu ya usawa wa bahari na kiangazi chake ni kirefu, ilhali mchai hutaka mvua karibu mwaka mzima, ubaridi na udongo wenye tindikali. Hali hiyo inapatikana karibu tu, katika milima ya Burundi, ambako kuna mashamba ya Teza na Rwegura. Wakulima wa milimani upande wa Kigoma, hasa Kalinzi, wanalima kahawa.

Chai nyingi ya Afrika Mashariki husagwa na kukunjwa kwa mashine kuwa punje ndogo nyeusi. Punje hutoa rangi na ukali upesi, hivyo chai huvumilia kutokoswa pamoja na maziwa na sukari. Chai ya Longjing hukaushwa kwenye karai ya moto mara tu baada ya kuchumwa ili ibaki kijani, jani likiwa zima. Humiminiwa maji ambayo hayajachemka sana na hainywewi na sukari. Anayeitokosa Longjing kwenye sufuria atapata uchungu mtupu, na anayemimina maji vuguvugu juu ya chai ya Mufindi atailalamikia bure.

Matumizi ya leo

Katika Kigoma-Ujiji chai ya asubuhi huwa ya rangi au ya maziwa, mara nyingi na tangawizi, na huliwa na maandazi, chapati, vitumbua au mihogo ya kuchemsha. Mama lishe huanza mapema kwenye mialo kama Kibirizi na Katonga, kwa sababu dagaa huvuliwa usiku kwa taa na wavuvi hurudi alfajiri wakiwa na baridi na njaa. Biashara hii hufuata boti: mbalamwezi ikiwa kubwa uvuvi hupungua, na wanywaji pia. Uvuvi uliposimamishwa upande wa Tanzania kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, mjadala wa hadharani ulihusu zaidi wavuvi na wachuuzi wa dagaa kuliko wanawake wenye birika.

Sukari ndiyo gharama kubwa kuliko majani. Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño zilikwamisha viwanda vya sukari nchini na bei ikapanda sana. Muuzaji wa chai hawezi kupandisha bei ya kikombe kila wiki bila kukimbiwa, hupunguza kijiko.

Jioni ni zamu ya kahawa. Katika vijiwe vya Ujiji wazee hunywa kahawa chungu kwa vikombe vidogo pamoja na kashata, wakicheza bao. Desturi hiyo, si ya chai, ndiyo inayokaribia zaidi vikombe vidogo vya Chaozhou.

Kuifuata njia

Njia ya kati iliwekwa katika orodha ya awali ya UNESCO mwaka 2006, ikiwa na vituo vya Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kwihara, nje ya Tabora, kuna tembe walimokaa Livingstone na Stanley. Ujiji kuna makumbusho ya Livingstone pamoja na miembe iliyotokana na ule wa zamani. Watembezaji wengi humwonyesha mgeni mnara na kumrudisha Kigoma kabla ya mchana ili awahi boti ya Gombe. Anayebaki hadi jioni hupata kahawa, na anayelala hupata chai.