Kamera ya Nyumbani Isipoonekana Kutoka Mbali: Ya Kukagua Kabla ya Kumlipa Fundi

Mkazi wa Mzenga anayefunga kamera kwenye banda la kuku au ghala la korosho hukusudia jambo moja: awapo Dar es Salaam au safarini, afungue simu na kuiona mali yake. Akiwa nyumbani, picha huonekana vizuri. Akishapanda treni ya TAZARA na kuondoka, picha haiji. Fundi huitwa, hubadili mipangilio ya ruta, hulipwa, na tatizo hubaki palepale. Mara nyingi kosa si la fundi wala la kamera. Chanzo ni aina ya anwani ambayo nyumba hiyo imepewa na kampuni ya intaneti.

Ruta ni kama mlinzi wa geti. Simu, kompyuta na kamera za nyumbani hutoka nje kupitia kwake, na huko nje vyote huonekana kwa anwani moja. Mgeni anayebisha kutoka nje hukataliwa, kwa kuwa mlinzi hajui anamtafuta nani. Kuelekeza mlango ni kumwachia mlinzi maagizo: anayebisha mlango namba 8000, kwa mfano, apelekwe kwenye kamera. Katika kurasa za ruta, ambazo kwa kawaida zimeandikwa kwa Kiingereza, sehemu hiyo huitwa “Port Forwarding” au “Virtual Server”.

Maagizo hayo hufaa pale tu ambapo geti lenyewe limeelekea barabarani. Anwani za intaneti za mfumo wa zamani wa IPv4, ambao bado unatumika kwa wingi, ni takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na mafungu ya mwisho ya akiba kuu yaligawiwa Februari 2011. Kampuni zenye wateja wengi kuliko anwani huwaweka wateja kadhaa nyuma ya anwani moja. Kwa ruta zinazotumia laini ya simu, ambazo ndizo tegemeo mahali ambapo mkongo haujafika nyumbani, hali hiyo ni ya kawaida. Geti la mkazi huwa ndani ya uzio mkubwa zaidi, na mlinzi wa uzio huo, ambaye ni wa kampuni, hapokei maagizo ya mkazi.

Kulitambua hilo hakuhitaji malipo. Mkazi afungue ukurasa wa ruta kwa anwani iliyo kwenye kibandiko chini ya kifaa, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.8.1, na asome anwani iliyoandikwa mbele ya neno WAN. Kisha, akiwa kwenye Wi-Fi ya ruta hiyohiyo, afungue tovuti yoyote inayomwonyesha mtumiaji anwani yake. Anwani hizo mbili zikitofautiana, au ile ya kwanza ikianza na 10, na 192.168, au na 100 ikifuatiwa na namba kati ya 64 na 127, basi kuna geti jingine mbele. Kama nyumbani kuna ruta mbili zilizounganishwa, geti hilo huenda ni la ruta ya pili. Kama iko moja tu, geti ni la kampuni, na hakuna mpangilio wa ruta utakaosaidia.

Zikifanana, tatizo limo ndani ya nyumba, na mshukiwa wa kwanza ni kukatika kwa umeme. Umeme unaporudi, ruta huweza kuipa kamera anwani mpya ya ndani, ilhali maagizo ya mlango bado yanaelekea anwani ya zamani. Dawa ni kuitengea kamera anwani ya kudumu katika ukurasa huohuo wa ruta. Jaribio nalo lifanyike kwa bando la simu, Wi-Fi ikiwa imezimwa. Ruta nyingi haziruhusu kifaa kilicho ndani kubisha mlango wa nje, hivyo anayejaribu akiwa sebuleni hudanganyika.

Mkazi aliye nyuma ya geti la kampuni anazo njia mbili. Anaweza kuiomba kampuni anwani ya peke yake, ambayo kwa kawaida hulipiwa. Anaweza pia kutumia kamera ambayo yenyewe hutoka nje kwenda kwenye seva ya mtengenezaji, na simu ikaikuta huko. Njia hii ya pili haihitaji kufungua mlango wowote, na kwa nyumba nyingi inatosha.

Aliyefanikiwa kufungua mlango akumbuke kwamba ameufungulia ulimwengu mzima. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka maelfu ya kamera na vinasa picha kwa kujaribu tu nywila za kiwandani ambazo wenyewe hawakuzibadili. Nywila ya kamera na ya ruta zibadilishwe kabla ya mlango kufunguliwa, na mlango usiotumika ufungwe. Kuingia katika kifaa cha mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, lakini sheria huja baada ya mgeni kukwisha kuona ndani.

Mteja asiyeridhika na majibu kuhusu anwani yake awasilishe kwanza malalamiko kwa kampuni inayomhudumia, kwa maandishi, na atunze nakala. Asipopata ufumbuzi, ayafikishe kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, akiambatisha nakala hiyo pamoja na zile anwani mbili alizozisoma.