Hewa Inayobeba Meli

Mita moja ya ujazo ya maji baridi ina uzito wa kilo 1,000. Chuma cha ujazo huohuo hufikia kilo 7,850 hivi. Kipande cha chuma hakina namna ya kuelea, ila meli ya chuma inaelea, kwani sehemu kubwa ya tumbo lake ni hewa.

Chukua sanduku la chuma la mita moja kila upande, limezibwa kote, bati lake lina unene wa sentimita moja. Uzito wake ni kama kilo 460. Litie ziwani: litadidimia sentimita 46 tu, kwa sababu hapo limeshaondoa kilo 460 za maji. Ndiyo kanuni aliyoieleza Archimedes zaidi ya miaka 2,200 iliyopita: maji hukisukuma kitu juu kwa nguvu sawa na uzito wa maji kiliyoyaondoa. Sasa ling'oe bati la chini. Likishikiliwa wima, hewa haina pa kutokea, kwa hiyo sanduku bado linaelea. Toboa tundu juu, hewa itafoka, maji yatapanda ndani, na sanduku litakwenda chini.

Tarehe 21 Mei 1996, meli ya abiria MV Bukoba ilipinduka Ziwa Victoria ikielekea Mwanza. Kuelea na kusimama wima ni mambo mawili: uzito ukikaa juu mno, chombo hulala ubavu hata kama maji bado yanaweza kukibeba. Meli ile ilibaki ikielea, tumbo juu, watu wamenaswa ndani. Kwa nia ya kuwaokoa, tumbo likatobolewa. Hewa ikatoka na meli ikazama. Mamia ya watu walikufa, na inauma kwamba tundu lile lilitobolewa kwa huruma.

Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, ziwa hilohilo, watu zaidi ya 200 wakafa. Siku mbili baadaye wapiga mbizi walimtoa fundi mmoja akiwa hai, palipokuwa pamebaki hewa.

Njia salama zaidi ya kuwafikia walionaswa ni kuingia kwa chini, au kukishikilia chombo kwanza kwa maputo ya kunyanyulia: kila mita ya ujazo ya hewa chini ya maji hubeba karibu tani moja. Maputo hayo na wapiga mbizi wake wawepo Mwanza, Bukoba na Musoma leo, kabla simu ya ajali haijapigwa.