Kamera na Adui Wake wa Hewani (Sehemu ya Tatu): Sanduku la Tyndall

Tangu kituo cha falaki cha Vera C. Rubin, kilichojengwa juu ya mlima Cerro Pachón nchini Chile, kitangaze picha zake za kwanza tarehe 23 Juni 2025, kinachozungumzwa zaidi ni ukubwa wa kamera yake: megapikseli 3,200, vihisi 189 vilivyopangwa bega kwa bega, uzito wa takriban tani 3. Watu wana haki ya kustaajabu. Lakini anayeisoma habari hiyo kwa jicho la mpiga picha husita mahali pengine kabisa, pale panapoelezwa kwamba vihisi vyenyewe vimefungiwa ndani ya chombo kisicho na hewa, kwenye baridi ya nyuzi 100 hivi chini ya sifuri, na kwamba kamera iliunganishwa katika chumba safi cha maabara ya SLAC huko California, na watu waliovaa ovaroli, glavu na vifuniko vya nywele. Shughuli yote hiyo ni ili vumbi lisiingie. Kulifuta likishaingia ni mpango wa akiba tu. Na hiyo ndiyo hoja ya sehemu hii ya tatu: vumbi la kwenye kihisi ni jambo la hewa, na anayelikabili kwa kitambaa ameshachelewa. Kihisi kinavyogeuza mwanga kuwa chaji, na kazi ya shata na tundu la lenzi, tulikwisha kuyaeleza katika sehemu mbili zilizotangulia, sitayarudia.

Filamu ilikuwa na huruma yake. Kila picha ilipata kipande kipya cha mkanda, na chembe iliyoangukia picha ya nane iliondoka na picha ya nane. Kihisi hakisogei, kwa hiyo chembe iliyotua leo itakuwamo katika kila picha, palepale, mpaka iondolewe. Tena haitui juu ya kihisi chenyewe. Inakaa juu ya kioo kilicho mbele yake, umbali wa kama milimita moja au mbili, na umbali huo mdogo ndio unaoeleza kwa nini mtu hupiga picha za harusi mwezi mzima bila kuona kasoro, kisha siku moja anapiga bahari wakati wa jua kali na kukuta anga limejaa madoa ya kijivu. Chukua chembe yenye upana wa mikroni 50, yaani sehemu ya ishirini ya milimita, na tuseme iko milimita 1 mbele ya kihisi. Kwa f/2.8, mwanga unaoelekea kwenye nukta moja ya kihisi hupita katika kioo hicho ukiwa duara la upana wa milimita 0.36 hivi, chembe yetu inaziba asilimia 2 tu ya duara hilo, na jicho halitambui kitu. Kwa f/16 duara limebanwa hadi milimita 0.06, na chembe ileile inaziba karibu theluthi mbili. Mpiga picha humlaumu aliyemwazima kamera jana, kumbe vumbi lilikuwamo tangu mwaka juzi, likingoja tundu dogo la kulifichua.

Aliyewafundisha watu kulitazama vumbi kwa msaada wa mwanga hakuwa mpiga picha, na ni aibu kwamba jina lake limebaki kwenye vitabu vya wataalamu wachache. John Tyndall, mzaliwa wa Leighlinbridge, Ireland, mwaka 1820, alikuwa mwanafizikia wa Royal Institution jijini London, mahali alipomrithi Michael Faraday. Mwaka 1868 alikuwa akichunguza jinsi mwanga unavyoathiri mvuke wa kemikali ndani ya mrija wa kioo, na vumbi likawa linamharibia kazi: kila alipopitisha mwali mkali wa taa, chembe zilizoelea ziling'aa na kuficha alichokuwa akikitafuta. Aliipitisha hewa katika asidi ya salfuriki, kisha katika myeyuko mkali wa potasi. Vumbi likapenya kote kuwili. Ndipo alipoipitisha hewa hiyo juu ya ncha ya moto wa taa ya spiriti, na vumbi likatoweka. Tyndall alishangaa, kwa sababu alikuwa amedhani, kama wengi wa wakati wake, kwamba vumbi la London ni unga wa mawe na matofali, na mawe hayaungui. Kilichoungua kilitoka katika viumbe: nyuzi za nguo, ngozi, chavua, na vile vijidudu ambavyo Louis Pasteur alikuwa akivipigania kule Ufaransa. Tarehe 21 Januari 1870 alisimama mbele ya wasikilizaji wake akatoa mhadhara juu ya vumbi na maradhi, na waganga wengi hawakufurahi kufundishwa kazi yao na mtu wa fizikia.

Jaribio lake zuri zaidi lilikuja miaka michache baadaye. Alitengeneza masanduku ya mbao yenye kioo mbele na vidirisha vya kioo ubavuni, akapaka kuta zote za ndani gliserini, akayafunga, akayaacha yatulie siku kadhaa. Hakufuta wala hakupuliza. Chembe zilishuka zenyewe, zikagusa gliserini, zikanata. Baada ya hapo alipitisha mwali wa taa kutoka kidirisha kimoja hadi kingine. Nje ya sanduku mwali ulionekana kama fimbo ya moshi mweupe. Ndani haukuonekana hata kidogo, ukajitokeza tena upande wa pili. Hewa ilikuwa tupu kwa macho. Kisha akatia supu ya nyama, ya samaki na ya mboga katika mirija ya kioo iliyochomekwa kwenye sakafu ya sanduku, akaichemsha, akaiacha. Supu za nje ziliharibika baada ya siku chache, na za ndani zikakaa safi kwa miezi. Sioni sababu ya jaribio hili kutofanywa katika kila shule yetu ya sekondari. Gliserini inauzwa duka la dawa, tochi kali ipo katika kila nyumba, na boksi halina gharama. Tunawakaririsha watoto kwamba hewa ni mchanganyiko wa gesi, wakafaulu mtihani, wasijue kwamba wanavuta pia nyuzi za mashati ya wenzao. Mwanafunzi aliyeuona mwali ukipotea ndani ya sanduku hatahitaji kuambiwa mara mbili afunge mdomo wa kamera.

Viwanda vilichelewa sana kupata somo hilo. Hadi miaka ya 1950, chumba cha kuunganishia vipuri vidogo kilisafishwa kwa kufutwa na kufyonzwa vumbi saa zote, na kila aliyepita na kitambaa aliinua chembe nyingine, kama anayefagia uwanja mkavu bila kunyunyiza maji. Mwanafizikia Willis Whitfield wa maabara ya Sandia huko Albuquerque, Marekani, alilitazama tatizo hilo upya kuanzia mwaka 1960. Hewa iliyochujwa aliiingiza ndani kwa mkondo mmoja, pole na bila kuvurugika, ikaenda kutokea sakafuni kwenye matundu, ikibadilishwa kama mara kumi kwa dakika. Mfanyakazi alipokohoa au kukuna kichwa, chembe zilichukuliwa chini kabla hazijafika mezani. Vipimo vilisoma idadi ndogo ya chembe kiasi kwamba Whitfield na wenzake walidhani vyombo vyao vimeharibika. Ndiyo, Sandia ilikuwa ikishughulikia silaha za nyuklia, na haifai kulipamba hilo. Lakini chumba kile ndicho kilichowezesha vyumba safi vya upasuaji na viwanda vya chipu, na bila viwanda vya chipu kihisi kingebaki ndoto ya Willard Boyle na George Smith, waliobuni CCD pale Bell Labs mwaka 1969.

Atakayepinga atasema: haya ni mambo ya maabara, kamera za siku hizi hujisafisha zenyewe. Kweli, tangu Olympus ilipotoa E-1 mwaka 2003, kioo cha mbele ya kihisi kimekuwa kikitikiswa maelfu ya mara kwa sekunde ili vumbi lidondoke. Nakubali, na tena nafurahi, kwa sababu chembe zikidondoka hupokelewa na ukanda wenye gundi uliowekwa chini yake. Ni gliserini ya Tyndall, imehamia kwenye kamera! Ila mtikisiko una mpaka wake, na mpaka huo ni wa maumbile. Nguvu inayoinatisha chembe kwenye kioo hupungua sawasawa na upana wake, ilhali uzito hupungua kwa mchemraba wa upana huo. Chembe iliyo ndogo mara kumi hunata kwa nguvu ya moja ya kumi, lakini uzito wake ni moja ya elfu. Mtikisiko hutegemea uzito ili kuitupa, kwa hiyo kwa chembe hiyo ndogo kazi imekuwa ngumu mara mia. Ongeza unyevu wa pwani, ambao huweka utando wa maji kati ya chembe na kioo, au chavua yenye mafuta, na mashine itatikisa mpaka betri iishe.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: vumbi jingine linatoka ndani ya kamera yenyewe, na hapo kufunga mlango hakusaidii. Nikon D600, iliyotoka mwaka 2012, ndiyo mfano unaojulikana. Wenye kamera hizo walikuta madoa yakiongezeka hata kwa wale wasiobadili lenzi, na Februari 2014 kampuni ikatangaza kuzikagua, kuzisafisha na kubadilisha shata bila malipo, hata kama muda wa dhamana ulikuwa umekwisha. Tyndall naye alikumbana na jambo la namna hii. Alipoleta majani makavu ya zamani katika maabara yake, supu zilianza kuharibika ndani ya masanduku yaleyale, kwa kuwa vijidudu vya majani hayo vilikuwa na mbegu zinazostahimili kuchemshwa. Hakulitupa sanduku. Mwaka 1877 alionyesha kwamba ukichemsha kidogo, ukaacha mbegu zichipue, ukachemsha tena, na tena, zinakwisha. Kamera mpya nayo ichukuliwe hivyo: shata bado inapukutisha, basi ikaguliwe mara nyingi mwanzoni, na vumbi la ndani lisiwe kisingizio cha kulikaribisha la nje.

Wapo pia wanaouliza kuna haja gani, iwapo programu ya kompyuta inafuta doa kwa kubofya mara moja. Shirika la habari la Associated Press, ambalo ni kali sana juu ya picha zilizochezewa, linaruhusu kuondoa vumbi la kihisi. Wanafalaki nao hupiga picha ya skrini yenye mwanga uliosambaa sawasawa, kisha hutumia picha hiyo kufuta vivuli vya vumbi kwa hesabu. Ila hesabu hiyo inafanya kazi kwa sababu kivuli kimepimwa. Mwanga uliopungua unajulikana umepungua kiasi gani, ukarudishwa. Anayebofya hana kipimo. Programu inaazima rangi ya jirani na kubahatisha kilichokuwa pale, na katika picha ya anga tupu hakuna hasara, lakini katika picha ya kundi la ndege walio mbali, doa na ndege vinafanana, na mhariri mwenye haraka hufuta vyote. Tabia ya kuharibu kwanza kwa kuwa kurekebisha ni rahisi haiishii kwenye kamera, lakini huo ni mjadala mwingine.

Nafasi iliyobaki ni ndogo, na wengi mlikuwa mkingojea hapa, kwenye ushauri wa vitendo. Kwenye barabara za hifadhi kama Amboseli, ambako ziwa likikauka hubaki unga mwepesi wa magadi, lenzi isibadilishwe gari likiwa linatembea wala vumbi la gari lililotangulia likiwa bado hewani. Zima kamera, upe upepo mgongo, lenzi mpya iwe tayari mkononi na kifuniko chake kimelegezwa, mdomo wa kamera utazame chini. Kamera zisizo na kioo cha kuakisi zinahitaji uangalifu zaidi, maana nyingi huacha kihisi wazi lenzi inapotoka. Baadhi, kama Canon EOS R ya mwaka 2018, hufunga shata zikizimwa. Kukagua, piga anga tupu au ukuta mweupe kwa f/22, lenzi ikiwa haijalenga vizuri. Doa lililo juu kushoto katika picha, chembe yake iko chini kushoto unapokitazama kihisi kupitia mdomo wa kamera. Tumia pampu ya mpira, kamera ikiinamishwa, na kwa kamera yenye kioo cha kuakisi betri iwe imejaa, kioo kisije kikashuka katikati ya kazi. Usipulize kwa mdomo, kwa sababu mate yatatua na kukauka, wala usitumie kopo la hewa ya kusafishia kompyuta, ambalo likiinama hutema kimiminika baridi. Kijiti chenye kitambaa kilicholoweshwa kimiminika cha kusafishia kihisi kiwe cha mwisho, chenye upana wa kihisi, kipitishwe mara moja kwa upande mmoja kisha kitupwe. Asiyejiamini ampelekee fundi. Na kabla ya kulilaumu jangwa, geuza kifuniko cha nyuma cha lenzi ukitazame ndani, kisha begi la kamera likung'utwe nje ya nyumba, kwa sababu vumbi jingi linaloishia kwenye kihisi huwa limelala huko wiki nzima.