Mwajiri Kariakoo, Mtendakazi Guangzhou: Uwakala, Ajira na Pengo la Ulinzi kati ya Sheria Mbili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna wafanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, wanavyowatumia watu walioko Guangzhou, China, kununua na kukagua bidhaa pasi na kuanzisha kampuni nchini humo. Hoja kuu ni kwamba jina la "wakala" haliamui hadhi ya uhusiano huo. Kinachoamua ni namna kazi inavyofanyika. Pale wakala anapokuwa mfanyakazi kwa vitendo, huangukia kati ya sheria za nchi mbili bila ulinzi kamili wa yoyote kati yake.

1.0 Utangulizi

Kariakoo, eneo ambalo jina lake limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ni kitovu cha biashara ya jumla kwa mikoa ya Tanzania na kwa nchi jirani kama Zambia, Malawi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Nguo, viatu, mikoba na vifaa vya umeme vinavyouzwa katika mitaa kama Msimbazi, Congo na Narung'ombe hutoka kwa wingi China, hususan Guangzhou na Yiwu. Badala ya kusafiri kila mara, waagizaji wengi huwa na "mtu wao" huko. Mtu huyo hutembelea masoko na viwanda, hutuma picha na bei kwa simu, hutafsiri majadiliano, hukagua mzigo na kuusimamia hadi uingie kwenye kontena, ambalo mara nyingi huchangiwa na waagizaji kadhaa. Anaweza kuwa Mtanzania anayeishi huko, mwanafunzi wa chuo, au raia wa China. Swali la makala haya ni moja: mtu huyo ni nani mbele ya sheria?

2.0 Njia tatu za kupata mtendakazi nje ya nchi

Njia ya kwanza ni uwakala huru. Wakala huwahudumia waagizaji wengi, hupanga saa zake na hulipwa kamisheni au malipo kwa ukubwa wa mzigo. Uhusiano huu unaangukia chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo inamtaka wakala kufuata maelekezo ya aliyemtuma na kutoa hesabu anapodaiwa. Aliyemtuma naye anatakiwa kumfidia wakala kwa athari za matendo halali aliyoyafanya ndani ya mamlaka aliyopewa.

Njia ya pili ni kutumia kampuni ya kati iliyosajiliwa nchini anakofanyia kazi mtendakazi. Kampuni hiyo husaini mkataba wa ajira, hulipa mshahara na kuwasilisha kodi na michango ya hifadhi ya jamii, huku kazi ya kila siku ikielekezwa na mteja aliyeko nje. Nchini China utaratibu wa aina hii una historia ndefu: shirika la FESCO lilianzishwa Beijing mwaka 1979 ili kuzipatia ofisi za uwakilishi za kampuni za kigeni wafanyakazi wa Kichina.

Njia ya tatu haina jina rasmi. Mtendakazi huitwa wakala, lakini humtumikia muagizaji mmoja, hupokea maelekezo kila siku na hulipwa kiasi kilekile kila mwezi. Hapa ndipo penye utata.

3.0 Kipimo cha sheria ya Tanzania

Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya 2004, katika kifungu cha 61 kama ilivyotungwa, inaweka dhana kwamba anayemfanyia mwingine kazi ni mfanyakazi, bila kujali muundo wa mkataba, iwapo walau kigezo kimoja kati ya saba kitakuwepo, hadi ithibitishwe vinginevyo. Vigezo hivyo ni: kuelekezwa namna ya kufanya kazi, kupangiwa saa, kuwa sehemu ya taasisi ya mwajiri, kufanya kazi wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, kumtegemea mwajiri kiuchumi, kupewa vitendea kazi, na kumfanyia kazi mtu mmoja tu.

Tuchukulie mfano wa kubuni wa duka la mikoba Mtaa wa Congo. Mwenye duka amempa kijana aliyeko Guangzhou simu, humwelekeza kila asubuhi masoko ya kutembelea na amemkataza kuwahudumia washindani. Hata kama makubaliano yao yanamwita wakala, angalau vigezo vitatu vimetimia. Aidha, kifungu cha 14 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 kinataka mkataba uwe wa maandishi pale unapoeleza kuwa mfanyakazi atafanya kazi ndani au nje ya Jamhuri ya Muungano. Bunge, kwa hiyo, lilikwishafikiria kazi ya nje. Hata hivyo, makubaliano mengi ya aina hii hubaki katika ujumbe wa sauti na picha za risiti.

4.0 Upande wa China

Sheria ya Mikataba ya Kazi ya China, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2008, inahusu taasisi zinazoajiri zilizo ndani ya nchi hiyo. Mwenye duka wa Kariakoo asiye na usajili wowote huko si mwajiri kwa maana hiyo. Kwa mtendakazi asiye raia, hali ni ngumu zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Kutoka na Kuingia Nchini, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013, inamtaka mgeni anayefanya kazi awe na kibali cha kazi na kibali cha ukaazi wa kikazi. Mwanafunzi anayefanya kazi nje ya mipaka aliyowekewa huhesabiwa kuwa anafanya kazi kinyume cha sheria, kosa lenye faini ya yuani 5,000 hadi 20,000 na, likiwa zito, kizuizi cha siku 5 hadi 15.

5.0 Athari za pengo hilo

Ikiwa kijana wa mfano wetu ataachishwa bila malipo, kulalamika kwa mamlaka za China kunaweza kufichua kwamba hakuwa na kibali. Akigeukia Tanzania, maombi kuhusu kuachishwa kazi yanatakiwa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Naye yuko mbali, hana mkataba, na atalazimika kwanza kujibu hoja ya mamlaka ya Tume juu ya kazi iliyofanyika nje. Mwenye duka naye hayuko salama. Fedha za mzigo zikipotea, hana hati inayoonyesha mipaka ya mamlaka aliyoyatoa wala wajibu wa kutoa hesabu. Uaminifu unaounda biashara hii, ambao mara nyingi hujengwa juu ya undugu, ujirani au dini, ndio dhamana pekee, nao hauna pa kukatia rufaa.

6.0 Hitimisho

Kutosajili kampuni nje si kosa lenyewe; kosa ni kudhani kwamba pasipo kampuni hapana wajibu wa mwajiri. Makala haya yanapendekeza mambo mawili. Kwanza, anayetaka wakala amwache awe wakala kwa vitendo: ahudumie wengine, ajipangie saa, na mkataba wa maandishi utaje mamlaka yake, hesabu, fidia, sheria itakayotumika na mahali pa kutatua mgogoro. Pili, anayetaka mfanyakazi apitie kampuni ya kati yenye leseni, au waagizaji kadhaa wachangie gharama hiyo kama wanavyochangia kontena. Kwa mtendakazi asiye na kibali cha kazi, hakuna mkataba utakaoziba pengo hilo. Na ukweli huo unapaswa kuelezwa kabla kazi haijaanza.